Waliomwita Bwana wa Nguzo

Yacuanes, 13 Januari 1974

Mwanangu Anselmo,

Niwie radhi. Barua yako ya Septemba ipo mezani tangu hapo, na mtu aliyewafundisha watoto maisha yake yote kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja hana pa kuuficha uso. Nilianza kuandika mara kadhaa, nikachana. Nilikuwa na hasira, na hasira huharibu mwandiko.

Huku hatujambo. Mama yako anakohoa asubuhi, lakini sokoni hakosi. Jalidi imeua viazi vya upande wa mto. Vya juu vimesalimika. Yule jogoo wa jirani aliyekuwa akikuudhi amekufa hatimaye, na sasa mtaa mzima unachelewa kuamka. Macho yangu yamepungua nguvu. Kusoma ninasoma, ila naishika karatasi mbali, kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza.

Sasa neno lenyewe. Maandamano ya Ijumaa Kuu mwaka huu ni tarehe 12 Aprili. Mti wa kubebea jukwaa, wa mbele upande wa kulia, ambao babu yako aliubeba na baba yako akaurithi, haujapata mwenyewe tangu ndugu yangu afariki. Mwaka jana tuliazima bega la mtu. Mwaka huu haturuhusiwi kuazima. Ukikosa kuja, Chama cha Wabebaji kitautoa kwa nyumba nyingine, na jina la Burbano litaondoka chini ya jukwaa la sanamu ya Bwana wa Nguzo.

Tena si Burbano yeyote anayetakiwa. Anatakiwa mtu aliyeokolewa. Juzi nilikuwa kwa kinyozi Laureano, nikasikia wanavyokusema.

“Basi lote limebingirika hadi mtoni, watu wamekwisha, yeye kanasa kwenye mkaratusi kama shati!”

“Kazi ya Bwana wa Nguzo hiyo. Ya nani tena?”

“Na wale wengine je?”

Laureano akapangusa wembe. “Wengine hawakumwita. Au walimwita nusunusu. Ukimwita kwa moyo, ataacha kuitika?”

Wakacheka, wakaendelea kunyolewa.

Mama yako ametundika mguu wa fedha wa nadhiri ubavuni mwa Bwana, wa urefu wa kidole, kwa jina lako. Ni kazi nzuri. Hata kucha zinaonekana. Nawe je, mguu wako wa kweli umefupika kiasi gani? Wabebaji watapimwa kimo Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, kama kawaida, na fundi wa ndara anataka kujua aongeze soli ya unene gani.

Nijibu. Usiponijibu, nitajua umejibu.

Baba yako mkubwa,
Teófilo Burbano

*

Barranquilla, 29 Januari 1974

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na unyevu kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka milimani. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata uliponigombeza. Afya yangu si mbaya. Joto la huku limeichachua sharubati yote ya kikohozi, na Bi. Osiris, mwenye duka la dawa, ananilaumu mimi. “Ninyi watu wa milimani mmekuja na baridi gani basi, kama hamwezi hata kupoza chupa?” Ananicheka ninavyotembea. Ananiita Saa ya Ukutani, kwa jinsi ninavyoyumba. Simchukii. Ni afadhali kuliko wanaonitazama kwa macho ya kanisani.

Mguu wa kulia umefupika kwa upana wa vidole viwili. Usimwambie fundi.

Nakuomba jambo moja, Baba Mkubwa. Mwambie Mama auondoe ule mguu wa fedha. Sikuweka nadhiri. Sikumwita mtu.

Huku dukani, mteja akija kuisifu dawa fulani, kwamba shangazi yake aliinywa akapona, na jirani vilevile, Bi. Osiris humwuliza: “Na waliokunywa wakafa, umewauliza?” Mteja hukasirika. Lakini swali ni la haki. Ukuta wa kanisa letu umejaa miguu, mikono na macho ya fedha, nami nilipokuwa mtoto niliyahesabu nikaamini. Sikujiuliza nani aliyatundika. Waliopona. Aliyekufa hana mkono wa kutundikia kitu.

Mniache nilivyo. Nililala, nikaamka nimening'inia. Mambo ya ndani ya basi usiniulize.

Msalimie Mama. Mwambie anywe maji ya moto na sukari guru, si dawa ya Laureano.

Mwanao,
Anselmo

*

Yacuanes, 10 Februari 1974

Anselmo,

Salamu zako zimefika. Kikohozi cha mama yako kimepungua, kwa sukari guru au kwa kuchoka chenyewe. Nilipomfikishia ombi lako alikuwa anamenya mahindi, na hakuinua kichwa. “Shemeji, mguu ule nimeununua mimi, na mwana nimemzaa mimi. Asiyeamini asitazame.” Basi upo pale pale.

Kuhusu hoja yako ya duka la dawa, unajibu kama mwanafunzi mwerevu, yaani kwa kuanzia pembeni. Acha nikupangie tangu mwanzo.

Kila kilichopo kimetokana na kingine. Wewe ulitokana na ndugu yangu, naye na babu yako Nazario, na Nazario na wake. Mlolongo huo lazima uwe na kichwa, la sivyo usingeanza. Kichwa hicho ndicho wenye akili wa kila zama walichokiita Mungu. Kisha litazame jicho, lilivyopangwa. Saa ya kanisani hapa haikujitengeneza, nayo huharibika hata ikiwa na fundi. Je, jicho lilijipanga lenyewe? Isitoshe, hakuna taifa chini ya jua lisilo na ibada. Yamkini wote wamekosea, ukapatia wewe peke yako, tena Barranquilla? Na kama hakuna wa kuogopwa, ni nini kinachomzuia Laureano asimkate koo mteja asiyempenda?

Hata ukiyakataa hayo yote, fanya hesabu ya muuza duka. Ukibeba, na Yeye yupo, umepata milele. Ukibeba, na hayupo, umepoteza nini? Ngozi ya bega.

Lipo na jingine. Unamkumbuka Bi. Hermelinda Chamorro, aliyekuwa akimvisha Bwana mavazi kila Kwaresima, na aliyekufa pamoja na wale wengine wa basi lako. Kazi yake sasa anayo bintiye, Nubia. Watu hawamsemi Nubia mbele yake, lakini wanasema. Kama mwana wa Burbano aliokolewa na mvishaji mwenyewe akaachwa, basi mvishaji alikuwa na lake moyoni. Ndivyo wanavyopiga hesabu. Nubia amekuja kwangu akakaa ukingoni mwa kiti. “Mwalimu, mwulize Anselmo kama mama alimwita Bwana.” Nimemwahidi kukuuliza. Nakuuliza.

Teófilo

*

Barranquilla, 4 Machi 1974

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimechelewa. Nilikuwa mzima, duka lilikuwa wazi, karatasi ilikuwapo. Sina udhuru, na kwa kuwa hupendi udhuru, tuendelee. Hapa kanivali imekwisha juzijuzi. Bado dawa za kichwa zinauzwa kuliko mkate. Jumatano ya Majivu Bi. Osiris alikwenda kupakwa majivu, akarudi akafungua duka na alama ile usoni, akamdanganya mteja wa kwanza kuhusu bei. Nilipomtazama akasema, “Unatazama nini? Majivu ni ya paji la uso.”

Jana ilikuwa siku ya kupima wabebaji. Nilijua. Nilikaa kitandani mpaka saa ilipopita.

Hoja zako nimezisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Unasema kila kitu kina chanzo, kisha unakiacha kimoja kisicho na chanzo. Kama kimoja kinaweza kuachwa, mbona kisiwe mlima, au giza? Lakini haya, nakupa kichwa cha mlolongo. Utafikaje kutoka kwa kichwa hicho hadi kwa mtu wa mbao aliyefungwa nguzoni, anayechungulia ndani ya basi na kuchagua abiria? Hapo pana bonde, Baba Mkubwa, nawe umeliruka kana kwamba ni mfereji.

Jicho nimelitazama. Juzi pia niliuza dawa ya safura, kwa mama mwenye mtoto mweupe kama chokaa. Mnyoo ule una meno yaliyopinda, yamepangwa vizuri ajabu, kwa ajili ya utumbo wa mtoto. Fundi wa jicho ndiye fundi wa meno hayo, au tunamsifu kwa kazi tunazozipenda tu?

Unasema mataifa yote yanaabudu. Kweli, na kila moja humwambia jirani yake kwamba kamwabudu asiyekuwapo. Wakikubaliana, wanakubaliana kwamba watu huogopa. Mimi pia naogopa. Na mji wetu wote umekubaliana kwamba Bi. Hermelinda alikuwa na lake moyoni. Je, wingi wao umelifanya hilo kuwa kweli?

Kuhusu koo za wateja wa Laureano: dereva wa basi letu alibandika picha tatu za watakatifu kwenye kioo cha mbele, akamwogopa Mungu kila kona, akifanya ishara ya msalaba kwa mkono ambao ungeshika usukani. Matairi yake yalikuwa laini kama mkate.

Umeniuliza nitapoteza nini. Bega halinisumbui. Nikiingia chini ya mti ule, kila atakayenitazama atasema, “Huyo ndiye ushahidi.” Nami nitakuwa nimetembea mji mzima nikiitikia bila kufungua kinywa. Ni uongo uchukuao saa tano kuusema, tena mbele ya mlango wa Nubia.

Na wewe nimekukamata kwa jambo moja. Umeandika kurasa tatu, neno “naamini” halimo. Wenye akili wanaamini, mataifa yanaamini, Laureano anaamini kwa hofu. Wewe je?

Mwanao,
Anselmo

*

Yacuanes, 17 Machi 1974

Mwanangu,

Mama yako mzima. Viazi vya juu vimevunwa, na amekuwekea gunia ambalo hakuna basi litakalokuletea. Mvua imebomoa ukuta wa shule, ule ambao kila mwalimu mkuu aliahidi kuutengeneza.

Wabebaji walipimwa. Wengine saba walisimama mmoja mmoja kwenye kile kijiti cha kupimia, wakatukanana kuhusu visigino kama ilivyo desturi. Likaitwa jina lako. Nikasimama mimi, na ndara yako mkononi, kwa sababu fundi nilimwambia, na soli ya vidole viwili ameishona, katani juu ya katani. Mzee wa chama akaishika, akaikunja, akasema, “Ndara nzuri. Mguu uko wapi?” Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa hiyo wakaacha. Wamekupa mpaka Jumatano ya Juma Kuu.

Hoja zangu nilifundishwa na mapadre nikiwa na umri mdogo kuliko wako, nikazifundisha jinsi nilivyozipokea. Zimesimama vizuri darasani miaka yote, pengine kwa sababu hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuinuka. Ile ya mnyoo sina jibu lake. Nimeitafuta katika vitabu. Vinajibu kuhusu jambo lililo karibu nayo.

Umejibu yote niliyokuuliza isipokuwa la Nubia. Mimi nimejibu yako yote isipokuwa moja. Tulipane basi, nianze mimi.

Mwaka aliougua mke wangu, Otilia, nilibeba mti wa nyuma. Unajua sheria: asemaye “pokeeni” njiani huupoteza mti, yeye na wanawe. Kwenye mwinuko wa makaburini damu ilinitoka puani. Sikusema. Nilimwambia Bwana, “Mimi sitatamka neno langu, nawe tazama lako.” Hayo ndiyo maombi pekee niliyowahi kuomba pasipo kitabu. Otilia alikufa Jumatatu ya Pasaka, asubuhi. Mwaka uliofuata nilibeba tena. Watu walisema, “Tazameni imani ya Mwalimu.” Sikuwasahihisha. Tangu hapo, mtu akiniuliza ninaamini nini, mimi humweleza wenye akili wanaamini nini.

Kubeba najua. Hilo jingine silijui.

Sasa zamu yako. Nubia hulala na taa ikiwaka.

Teófilo

*

Barranquilla, 25 Machi 1974

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Leo sina habari za dukani.

Sikulala. Niliwaambia watu nililala kwa sababu mtu aliyelala haulizwi.

Basi lilipoacha barabara halikwenda moja kwa moja mtoni. Lilikaa kwanza kwenye ukingo wa miamba, limelala ubavu. Mimi nilikuwa nimerushwa nje, mkaratusi umenishika hapo juu yao, mguu umegeuka. Niliwasikia. Watu wengi walikuwa hai, na wote walikuwa wanaita. Dereva aliita. Mvulana mmoja aliita mama yake kwanza, kisha akawafuata wengine. Bi. Hermelinda aliwaongoza, kama kwenye novena: yeye anatangulia, wao wanaitikia. “Bwana wa Nguzo.” “Tuokoe.” Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa anamwita mtu anayemjua, mtu ambaye yeye mwenyewe humfunga vifungo vya shati. Waliita muda mrefu. Kisha mwamba ukaachia.

Mimi sikuita. Si kwa ujasiri, wala si kwa hoja. Mdomo ulijaa majani na damu, na nilikuwa nawaza jambo moja tu: wasitikisike.

Sasa waambie kwa Laureano wapige hesabu yao upya. Walioita wapo mtoni. Asiyeita anauza dawa.

Najua utakalosema, kwamba hili halithibitishi kuwa hayupo. Ni kweli, halithibitishi. Lakini siwezi kuwa ushahidi wa upande ule mwingine. Jukwaa likipita na wanawake wakaanza ule wito, “Bwana wa Nguzo,” umati ukaitikia, “Tuokoe,” mimi niliye chini ya mti nitasikia sauti nyingine. Sijui kama nitaweza kutembea.

Na bado, Baba Mkubwa, usiku naiwaza ile ndara. Hiyo si hoja, ni katani. Sijui kwa nini inanisumbua kuliko kurasa zako tatu.

Mama asijue. Kuhusu Nubia, amua wewe. Mimi nimekaa na jambo hili tangu Agosti, na mikono yangu imechoka. Kama nitakuja ama sitakuja, sijui. Tiketi nimeuliza bei, nikaondoka dirishani.

Anselmo

*

Yacuanes, 2 Aprili 1974

Mwanangu mpendwa,

Mama yako hajambo, ana shughuli. Anapika tini katika sukari kana kwamba ana uhakika utakuja. Sikumwambia kitu.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaketi nikaisoma tena, nami, mwanangu, sikuona kosa la kusahihisha.

Hujui jambo moja, kwa sababu sikukuandikia. Chama kimeniteua nisome habari ya muujiza wako mlangoni mwa kanisa, Jumapili ya Matawi, kabla ya baraka. Walisema, “Asome Mwalimu, yeye hamezi silabi.” Nilikubali mwezi wa Januari. Karatasi niliiandika wakati huo, nzuri sana, yenye jicho na saa na mkaratusi. Imo mezani, pamoja na barua yako.

Ijumaa Nubia alipita kuchukua uzi wa dhahabu, ambao Otilia aliuacha. Nikamwambia akae kitini vizuri, si ukingoni. Nikamwambia, “Aliita.”

Hakulia. Jikoni palikuwa na viazi vya kuchemsha; akachukua kimoja, akakimenya, akakila chote. Kisha akauliza, “Kwa sauti?”

“Kwa sauti. Na wengine walimfuata.”

“Kwa muda mrefu?”

“Anselmo anasema muda mrefu.”

Akafuta vidole kwenye aproni, akatazama dirishani kule kanisa lilipo. Akasema, “Basi alimsikia.”

Nimefundisha maisha yangu yote jinsi ya kujua kama sentensi ni sifa au ni shtaka. Ile sikuijua. Alisimama, akaushika uzi, akauacha mezani, akaenda zake. Bwana wa Nguzo bado yumo katika mavazi yake ya kila siku, na zimebaki siku chache. Wanawake wanaulizana kuna nini. Kwa Laureano wanasema Nubia ameona haya hatimaye. Nilikuwa pale nikinyolewa, nikamwambia Laureano aondoe wembe shingoni mwangu kwanza, kisha nikamwuliza, “Wewe ulikuwamo ndani ya basi?” Akasema, “Mwalimu, mimi narudia tu wanayosema watu.” Nikamwambia, “Ndivyo tufanyavyo sote.” Niliondoka na nusu ya ndevu. Mama yako amecheka mpaka kikohozi kikarudi.

Sikuandikii uje, wala sikuandikii usije. Ndara ipo mlangoni, imeelekea nje. Ukija, mti ni wako, na ukisema “pokeeni” mwinukoni, nitapokea mimi, wacha watunyang'anye. Usipokuja, jina letu litaondoka chini ya jukwaa, nami nitaliona likiondoka, kisha nitakwenda nyumbani kula.

Lakini kabla ya Jumatano yako kuna Jumapili yangu. Watu watanyamaza, nami nitashika karatasi mbali na macho. Nimejaribu kuandika nyingine. Ya kwanza inasema uongo kwa sentensi zilizonyooka. Ya pili inasema ukweli, na inamwachia mama yako mguu wa fedha na aibu mkononi. Ya tatu ni tupu, na ndiyo iliyo mbele yangu sasa.

Nubia atakuwa amesimama mbele, kama mama yake alivyosimama. Bado sijui nitasoma ipi, wala kama nitasoma. Nikiisha kujua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kabla sijala, na safari hii hutangoja.

Baba yako mkubwa,
Teófilo